Ukoo wa Mtu Aliyeibwa: Maisha ya Adrien Atiman, Katekista na Tabibu wa Karema



Wapendwa wasomaji, katika jumuiya zetu ndogo ndogo za Kikristo hapa Msasani, mgeni akihamia hukaribishwa, hupewa kiti, kisha huulizwa maswali mawili: unaitwa nani, na kwenu ni wapi? Swali la kwanza hujibiwa kwa neno moja au mawili. La pili huchukua muda. Mmoja atataja Kirando kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwingine Bukoba, mwingine Mahenge, na mwingine ni mzaliwa wa hapahapa, wa ukoo wa wavuvi waliokuwapo kabla ya lami na kabla ya maghorofa. Anayeulizwa hutaja kijiji, hutaja babu, na mara nyingi hutokea mwanajumuiya anayemfahamu shangazi yake au padre aliyembatiza baba yake. Hapo mgeni anakuwa mtu wa nyumbani.

Safari hii tunawaletea habari za mtu ambaye swali la pili lilimgusa penye kidonda. Ni Adrien Atiman, aliyekuwa katekista na tabibu wa Karema kwa miaka 67. Wakazi wa Dar es Salaam wanalisikia jina lake katika Atiman House, nyumba ya Wamisionari wa Afrika iliyoko katikati ya jiji letu. Ndugu zetu wa Rukwa wanalijua kupitia hospitali ya Jimbo la Sumbawanga inayoitwa kwa jina lake. Lakini wengi tunalitamka jina hilo bila kujua kwamba mwenyewe hakuzaliwa karibu na Ziwa Tanganyika, wala karibu na Bahari ya Hindi. Alizaliwa upande wa pili wa bara la Afrika, akaibwa kwao akiwa mtoto.

Kwa hiyo tunapoamua kufuatilia ukoo wake hatuwezi kwenda kwa njia tuliyoizoea, ya kupanda kutoka mtoto hadi baba, kutoka baba hadi babu. Njia hiyo ilikatwa kwa nguvu. Inatubidi tufuate nyayo zake mwenyewe.

Kwao, kando ya Mto Niger

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, katika nchi ambayo leo ni Mali. Kijiji chao kiliitwa Tindirma, kando ya Mto Niger, si mbali na mji mashuhuri wa Timbuktu. Watu wake walikuwa Wasonghai.

Tusidhani kwamba alitoka mahali pasipokuwa na historia. Wasonghai waliwahi kuwa na dola kubwa katika Afrika Magharibi, na katika karne ya 15 na ya 16 Tindirma ilikuwa makao ya mkuu aliyetawala majimbo ya magharibi ya dola hiyo. Dola ilivunjika baada ya jeshi la Moroko kuivamia mwaka 1591, lakini watu walibaki mtoni pao wakilima, wakivua na kufuga. Mtoto wa huko, kama mtoto wa kijiji chochote cha Afrika, alikua akijua yeye ni wa nani. Hakuhitaji kuandikiwa. Wakubwa walimwita kwa jina la baba yake, na yeye alijua nyumba ipi aingie bila hodi.

Akiwa bado mtoto mdogo alinyakuliwa na Watuareg, watu wa jangwani waliofanya biashara ya misafara. Akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Siku hiyo moja ilimwondolea kila kitu ambacho sisi huita ukoo: baba wa kumwongoza, mama wa kumwita, kaka wa kugombana naye, kaburi la babu la kusafisha. Alibaki na jina. Tukumbuke jambo hili, maana jina Atiman, alilotoka nalo nyumbani, ndilo lililokuja kuandikwa kwenye ubao wa hospitali.

Njia ya kurudi ilikuwa imefungwa

Kabla ya kusonga mbele tutazame kilichokuwa kikitendeka kaskazini mwa jangwa. Mwaka 1868 Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, Mfaransa, alianzisha shirika la wamisionari kwa ajili ya Afrika. Aliwaagiza wajifunze lugha za watu, wale chakula cha watu, na wavae kanzu nyeupe na joho kama watu wa nchi ile. Ndiyo sababu wakaitwa Mapadre Weupe; leo tunawaita Wamisionari wa Afrika.

Mapadre hao walikuwa na vituo pembezoni mwa jangwa, na huko walikutana na misafara iliyoleta watumwa kutoka kusini. Walipopata fedha waliwakomboa watoto. Mwaka 1876 Atiman alikuwa mmoja wa waliokombolewa, huko Algeria. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi.

Hapa msomaji atauliza: kwa nini hawakumrudisha kwao? Swali ni la haki. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1876, mapadre watatu wa shirika hilo, Alfred Paulmier, Philippe Ménoret na Pierre Bouchand, waliuawa jangwani wakiwa njiani kuelekea Timbuktu. Mwaka 1881 wengine watatu, Louis Richard, Gaspard Morat na Alexis Pouplard, walijaribu kupita njia nyingine, nao wakauawa. Ilipofika mwaka 1895 ndipo wamisionari walipofika Timbuktu, tena kwa kuzunguka kupitia Senegali. Kwa mtoto wa miaka kumi, njia ya kurudi mtoni kwao ilikuwa imefungwa. Watu wazima waliojaribu kuipita walikuwa wamekufa.

Yapo pia maswali kuhusu ukombozi wenyewe. Fedha iliyotolewa kumkomboa mtoto iliingia mfukoni mwa mwenye msafara, naye angeweza kuitumia kununua mwingine. Lavigerie mwenyewe aliona kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutamaliza biashara ile, na mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akihimiza mataifa yaikomeshe kwa pamoja. Mwaka huohuo Papa Leo XIII alitoa waraka wa In plurimis kulaani utumwa. Lakini waraka haumshiki mtoto mkono. Padre aliyesimama mbele ya msafara alimwona mtoto mmoja, akamlipia huyo.

Mpango wa Lavigerie

Wavulana waliokombolewa walilelewa na mapadre huko Algeria, wakafundishwa kusoma na kuandika, na waliotaka wakafundishwa dini. Atiman alibatizwa akapewa jina Adrien.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa nyakati zake lilikuwa la kijasiri: Afrika itainjilishwa na Waafrika. Alijua kwamba wamisionari wa Ulaya wangekuwa wachache, wangekufa mapema kwa homa, na wangebaki wageni. Hivyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ambako vijana wa Kiafrika waliokombolewa wangesomea utabibu, kisha waende ndani ya bara wakiwa matabibu na makatekista kwa pamoja. Hawakuandaliwa kuwa mapadre. Walitakiwa waoe, wajenge, walime, na waishi kama majirani zao wanavyoishi. Tabibu huingia nyumba yoyote, hata ile ambayo mhubiri angefungiwa mlango.

Atiman alikaa Malta mpaka mwaka 1888, akitoka kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, anayejua anatomia, dawa na upasuaji kwa kiwango cha wakati ule.

Tunapolisoma jambo hili leo, sisi tulio katika nyumba za malezi, tunaona uzuri wake na uzito wake. Uzuri ni kwamba Mwafrika aliaminiwa elimu ya juu wakati ambapo wengi katika Ulaya hawakuamini kwamba anaweza kuipokea. Uzito ni kwamba mpango ulichorwa na wengine. Waliamua asome nini, aende wapi, na aishi maisha gani. Atiman aliupokea. Lakini kupokea mara moja hakutoshi, na maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa kulipokea tena na tena, kwa hiari yake, jambo ambalo mwanzoni alilikuta limekwisha kupangwa.

Safari ya kwenda ziwani

Mwaka 1888 aliondoka katika msafara wa Askofu Léonce Bridoux, aliyekuwa amewekwa wakfu kwa ajili ya Vikarieti ya Tanganyika. Pamoja naye walikuwamo matabibu wenzake wa Malta, Joseph Gatchi na Charles Faraghit. Walipita Zanzibar, wakashika njia ya misafara kuelekea ndani ya bara.

Ulikuwa mwaka mbaya. Pwani yetu iliwaka vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na njia ya misafara, iliyopita Ugogo hadi Tabora, ilikuwa ileile waliyopitishwa wafungwa wakishushwa pwani. Hebu tumfikirie Atiman juu ya njia hiyo. Yeye aliyewahi kutembezwa jangwani akiwa bidhaa sasa alitembea kuelekea mahali watumwa walikokuwa wakitoka, akiwa huru na akiwa na dawa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema.

Lipo jambo moja ambalo hadithi nyingi kuhusu Atiman hulipita haraka. Waliomtuma kutoka Ulaya waliona kwamba Mwafrika anarudi Afrika. Lakini kutoka Tindirma hadi Karema ni maelfu ya kilomita. Lugha ya mama yake haikusikika popote kwenye ziwa lile. Wenyeji wa Karema ni Wabende, na majirani zao ni Watongwe na Wafipa. Kwao Atiman alikuwa mgeni kabisa, kama Mfaransa alivyokuwa mgeni, ila ngozi yake ilidanganya jicho. Ilimpasa ajifunze kusalimu upya, kula upya, na kuomboleza upya. Kwa maana hiyo alihama mara ya tatu, na mara hii hakuna aliyemfunga kamba.

Kijiji cha waliokatwa

Karema iko kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo, na kikanisa iko katika Jimbo la Mpanda. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga pale boma, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Wakati Atiman anafika, ziwa lilikuwa bado mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, na mwenye nguvu zaidi aliyejulikana kwa jina la Rumaliza alikuwa na makao Ujiji. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa amejitoa kuulinda umati uliokimbilia kwenye misheni, kwanza Karema, baadaye upande wa pili wa ziwa.

Ni akina nani waliokimbilia pale? Watoto waliokombolewa, wajane wa vijiji vilivyochomwa, watu waliotoroka misafara, wagonjwa walioachwa njiani. Karema ya mwanzo ilikuwa kijiji cha watu waliokatwa na koo zao. Wengi hawakuweza kujibu swali la kwenu wapi, au walilijibu kwa kutaja mahali pasipokuwapo tena. Miongoni mwao alikuja tabibu ambaye naye aliibwa. Hakuhitaji kuelezwa. Mapadre waliwahurumia watu wale kwa imani; Atiman alikuwa mmoja wao.

Tunaamini kwamba hapa ndipo ilipo siri ya kukaa kwake. Kati ya vijana wa mpango wa Malta, si wote waliozoea. Maisha yalikuwa magumu, na nafasi ya katekista-tabibu, aliyesoma kuliko wengi lakini akiwa chini ya padre, haikuwa rahisi kuishika. Atiman aliishika hadi kufa.

Dawa mkononi, Neno mdomoni

Kazi yake ilikuwa zahanati na katekesi, na moja haikuachana na nyingine. Lavigerie aliweka utaratibu wa ukatekumeni wa miaka minne, ambapo mtu hakubatizwa kwa haraka ila alijaribiwa na kufundishwa polepole. Kwa utaratibu kama huo mzigo mkubwa humwangukia katekista. Padre huja na kuondoka, hufa kwa homa au huhamishwa. Katekista ndiye anayemjua kila mkatekumeni kwa jina, anayejua nani amepatana na mkewe na nani bado.

Mwambao wa ziwa ulikuwa na magonjwa mengi: malaria, ndui, vidonda, majeraha ya wanyama na ya vita, funza walioenea miaka ya 1890, na baadaye malale. Kabla ya reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kila chupa ya dawa ilifika Karema ikiwa imebebwa na wapagazi kutoka pwani. Ilipokwisha, ilikwisha. Atiman alijifunza mitishamba ya wenyeji na kuichanganya na elimu ya Malta. Hakuona aibu kufundishwa na wazee wa Kibende, naye alikuwa amesoma Ulaya. Mafrateri wenzetu, hapa pana somo la unyenyekevu linalozidi hotuba nyingi.

Hakukaa akingoja wagonjwa waje. Aliwafuata vijijini. Mhubiri wa mipakani, wakati ule, hakuwa na gari wala mahubiri marefu. Aliingia penye mgonjwa, akasafisha kidonda, akakaa. Kukaa huko ndiko kulikozaa maswali, na maswali yakazaa katekesi. Penye hatari ya kufa aliweza kubatiza, kama Kanisa linavyomruhusu kila mtu mwenye nia njema kufanya saa hiyo ya haja. Ni wangapi walifumba macho mbele yake, wakiwa na maji ya ubatizo yangali mabichi kwenye paji la uso, Mungu peke yake ndiye mwenye hesabu.

Alifanya hivyo chini ya Wajerumani. Alifanya hivyo katika vita ya mwaka 1914, iliyofika mpaka ziwani. Alifanya hivyo chini ya Waingereza. Kanisa na serikali wakaja kumtunuku nishani. Maaskofu walipita: Bridoux alifariki mwaka 1890, na Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza vikarieti tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917. Mwaka 1907 Lechaptois alianzisha palepale Karema shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao leo wanafundisha na kuuguza katika sehemu nyingi za nchi yetu. Atiman aliyaona hayo yote yakianza.

Agnes, na nyumba iliyojengwa

Tulisema kwamba ukoo wake wa juu ulikatwa. Ukoo wake wa chini ulianza alipomwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Kibende.

Tuitazame ndoa hii kwa macho ya watu wa wakati ule. Chifu ana koo nyuma yake, ana wazee, ana makaburi ya mababu. Atiman hana hata mjomba wa kumtuma kuposa. Nani alisimama upande wa bwana harusi? Misheni ilisimama. Kwa desturi zetu, mtu asiye na wa kumsemea hapati mke wa nyumba kubwa kirahisi. Kwamba binti wa chifu aliolewa na mgeni aliyekuwa mtumwa ni ishara ya jinsi watu wa Karema walivyokwisha kumpima kwa matendo. Na kupitia Agnes, Atiman alipata mashemeji, wakwe, na haki ya kuzika na kuzikwa pale. Mwanamke huyu ndiye mlango alioingilia katika ardhi. Historia za wamisionari humtaja kwa mstari mmoja tu. Sisi tunadhani anastahili kukumbukwa kama nusu ya utume wa mumewe, maana katekista mwenye nyumba isiyo na amani hawezi kuhubiri amani kwa miaka 67.

Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, Joseph, naye akawa padre, miongoni mwa mapadre wa kwanza Waafrika wa eneo lile. Katika Tanganyika yote mapadre wazalendo wa mwanzo walipewa daraja mwaka 1917, kwa hiyo Padre Joseph Atiman alikuwa mtu wa kizazi kilichofungua njia.

Mzazi wa Kiafrika anaposoma hapa atasimama kidogo. Mtu aliyepoteza baba, mama na ndugu, akapata mwana, angetazamiwa kumshika mwana huyo kwa mikono miwili ili ampe wajukuu na kulirudisha jina. Padre haachi watoto wa damu. Yule ambaye ukoo wake ulichukuliwa kwa nguvu alimtoa mwanawe kwa Kanisa kwa hiari. Kunyang'anywa na kutoa vyote viwili huacha mkono mtupu, lakini mbele ya Mungu havifanani hata kidogo.

Tunavyofuatilia ukoo usio na babu

Baadhi ya waamini hutuuliza namna ya kutafuta habari za wazee wao, hasa hapa pwani, ambako mambo ya utumwa husemwa kwa kunong'ona. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa katika Tanganyika haikufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Ina maana wapo wazee tuliowaona kwa macho ambao bibi zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo. Familia nyingi zilificha asili hiyo kwa aibu, zikajitungia asili nyingine. Maisha ya Atiman yanatuonyesha kwamba aibu haikuwa ya aliyeibwa. Yeye mwenyewe aliiandika habari yake, na ikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kila mwenye kutaka asome.

Kwa ukoo wa namna hii, vitabu vya parokia ni hazina. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, inaagiza kwamba katika daftari la ubatizo yaandikwe majina ya aliyebatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi na mashahidi, pamoja na mahali na tarehe. Kanuni ya 535 inaagiza kwamba pembeni mwa jina yaongezwe habari za kipaimara, ndoa, daraja na nadhiri. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kubeba maisha mazima. Vituo vya Mapadre Weupe viliagizwa pia kuandika shajara ya kila siku, na ndizo zinazotupatia habari nyingi za miaka ya mwanzo.

Pale ambapo nafasi ya baba na mama ilikosa jina, msimamizi alikuwepo. Katika misheni za watu waliokombolewa msimamizi hakuwa pambo la sherehe. Alikuwa ndiye baba au mama pekee anayejulikana. Mafrateri mtakaokuja kushika madaftari hayo, andikeni kwa uangalifu. Mwandiko mbovu wa leo ni babu aliyepotea wa kesho.

Kwetu sisi leo

Adrien Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, miaka mitano kabla ya uhuru wa nchi ambayo ilikuwa imekuwa yake. Alizikwa kati ya watu aliowazalisha, aliowafunga vidonda, aliowafundisha ishara ya msalaba.

Tujihadhari na neno moja ambalo wahubiri wepesi husema juu yake: kwamba kuibwa kwake kulikuwa baraka, kwa kuwa bila hivyo asingeijua Injili. Hapana. Kumwiba mtoto ni dhambi, na kule Tindirma alibaki mama aliyengoja. Mungu hakuhitaji dhambi ile ili amfikie Atiman. Alichofanya Mungu ni kutomwacha ndani yake, na alichofanya Atiman ni kutoiruhusu dhambi ya wengine imwamulie atakuwa nani. Yusufu mwana wa Yakobo naye aliuzwa, akaja kuwalisha wengi. Lakini Maandiko hayakuwahi kuwasifu kaka zake kwa kumuuza.

Tunawaachia maswali matatu ya kutafakari katika jumuiya.

Kwanza, katika mtaa wetu, ni nani asiyekuwa na wa kumsemea? Msichana wa kazi aliyeletwa mjini akiwa mdogo, kijana wa bandarini asiye na ndugu, mzee mpangaji ambaye hakuna anayejua kwao. Akifariki, nani atasimama upande wake?

Pili, kwa wazazi: mwana anapohisi wito, je, tunamtoa kwa moyo, au tunamhesabia wajukuu?

Tatu, kwa sisi tulio katika malezi: tutatumwa mahali ambapo lugha ya mama zetu haisikiki. Je, tutakaa kama wapangaji wanaohesabu miaka, au kama Atiman, tukijifunza salamu upya mpaka siku mtoto wa kijiji atakapotuhesabu katika wazee wake?

Ukoo wa Atiman upo. Umo katika daftari la Karema, katika zahanati zilizofuata, katika mapadre na masista waliotoka mwambao ule, na katika kila Mkristo ambaye babu yake alipata kuongozwa sala na yule tabibu mgeni kutoka Mto Niger. Hatukuupata kwa kupanda kwa mababu. Tuliupata kwa kuuliza alikaa wapi, na alikaa na nani.

Ee Mungu, Baba wa wasio na baba, uwape kwao wote walionyang'anywa kwao. Umpokee mtumishi wako Adrien pamoja na wazazi wake waliomlilia. Utujalie sisi moyo wa kukaa pale unapotutuma, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.